Makabidhiano

Karatasi ina safu tatu: kifaa, idadi, hali.
Kijana wa kampuni ameniachia kalamu yake,
yenye nembo ya tone la maji linalocheka.
Mzee Wabwire, kasema, jaza tu,
saa nane gari litakuja.

Bwawa: moja. Hali —
miaka sita halikuwa na maji ila ya mvua.
Vyura wakalirithi, nami nikawa mlinzi wa vyura
kwa mshahara wa kaunti uliokuja ulipopenda.
Nisidanganye kwa sababu tu nina uchungu:
pampu ilikufa, tukaililia kwa barua kumi na moja,
zote zikagongwa muhuri, "Imepokelewa",
na muhuri hauvuti maji.

Meza ya mpira mdogo: moja. Wavu: hakuna.
Tulitandaza leso ya marehemu Syokau wa jikoni,
iliyoandikwa USINIHESABIE SIKU,
na mpira ukagonga, ukagonga, mwaka baada ya mwaka,
mpaka likabaki neno moja,
SIKU.
Niiandike kama kifaa?

Glavu za ndondi, za Gikomba:
nne za mkono wa kulia, mbili za kushoto.
Ndiyo maana vijana wa Makongeni
wanaogopwa kwa ngumi ya kulia.

Viti vya plastiki: sabini na kitu.
Idadi hupanda na kushuka kwa matanga.
Mtaa ukifiwa, viti hutembea,
hurudi baada ya wiki vikiwa na matope ya makaburini,
pengine na kimoja cha ziada kisichojulikana kwao.
Hatukumtoza mfiwa hata shilingi.
Nimeitafuta safu ya "bure" kwenye karatasi.
Nimegeuza na nyuma.

Diwani alisema mkutanoni, hatujauza kitu, wananchi,
tumekabidhi uendeshaji tu, miaka kumi na mitano.
Mama Achola akainuka na mtoto mgongoni:
yaani ng'ombe ni wetu,
wao watakamua tu?
Watu walicheka sana. Diwani pia alicheka.
Kisha ajenda ikaendelea, nambari nne, mitaro.

Lakini paa halivuji tena. Hilo niliseme.
Vyoo vinafungika kwa ndani.
Na binti yangu Nerima, aliyejifunza kuogelea hapa
enzi za maji ya kiunoni,
amevaa shati la njano, filimbi shingoni,
mkataba wa miezi mitatu mitatu,
na mshahara wake unaingia kwenye simu tarehe ishirini na nane,
si ishirini na tisa.
Wa kwanza alininunulia miwani.
Ndiyo hii ninayosomea karatasi yao.

Funguo: kumi na tisa.
Milango: kumi na mmoja.
Hizo nane nyingine ni za makufuli yaliyovunjwa,
kabati la vitabu ambalo mchwa walilimaliza,
na mmoja, mdogo, wa shaba,
sijawahi kujua unafungua nini.
Nilikabidhiwa nao, na aliyenikabidhi hakujua.

Saa saba na nusu. Kwenye uzio, vidole vya watoto
vimejaa matundu ya waya.
Kwa miaka sita wameniuliza swali hilohilo wakitoka shule,
si hawa, kaka zao, na sasa hawa:
Wabwire, leo kuna maji?
Nami nilizoea kujibu bila kuinua kichwa.

Leo nimeinua. Maji yapo,
ya buluu mpaka yanaumiza macho,
na kibao kipya kimesimama kando yake:
mtoto, mia mbili na hamsini, kofia ni lazima.
Nerima anakisugua kwa kitambaa,
kanipa mgongo.

Yapo, nikawaambia.
Wakasubiri nimalize.

Nje, barabarani, honi.
Bwawa: moja. Hali: